Pampu ya Maji ya Gari la Shemeji

Mtaani kwao walimwita Mkaguzi, na hakuwa mkaguzi wa kitu chochote. Alikuwa na kibanda cha kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, basi. Jina alilipata sokoni. Mume huyu wa dada yangu hawezi kununua tikitimaji bila kuligonga, kuliwekea sikio, kugonga jingine, kisha kurudia la kwanza. Mkate ataubonyeza. Balbu ataitikisa, halafu atataka ichomekwe palepale dukani aone inawaka. Niliwahi kwenda naye kununua godoro, akavua viatu na kulala chali katikati ya duka, macho ameyafumba, mpaka muuzaji akaninong'oneza kuniuliza kama mzee anaumwa.

Mimi nilikuwa namcheka, lakini watu walimwamini. Jirani akitaka pasi au kufuli alimwomba waende pamoja, naye aliacha wateja wake akaenda, kwa sababu hakuna kitu alichokipenda duniani kama kukataa bidhaa mbovu mbele ya mwenye duka. "Hii mrudishie aliyekuletea," atasema, huku amekunja mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

Dada yangu figo zake zimechoka. Kila baada ya siku moja lazima aende hospitali akasafishwe damu kwa mashine, na hospitali yenyewe iko upande wa pili wa mji, karibu na kwangu. Mimi nashona sare za shule, nina vyumba viwili nyuma ya ukuta wa hospitali hiyohiyo. Tangu siku ya kwanza nilimwambia ahamie kwangu, awe anakwenda kwa miguu. Akakataa katakata.

"Mdogo wangu," aliniambia, "ugonjwa umeshaninyang'anya chumvi, umeninyang'anya maji ya kunywa. Mume wangu usininyang'anye na wewe."

Basi ikabidi gari libebe ndoa yao. Akitoka kwenye mashine dada anakuwa amelegea kama nguo iliyokamuliwa, hawezi kusimama kituoni wala kusukumana na watu mlangoni mwa basi, na teksi ya kila mara shemeji asingeimudu hata kama angetoa fotokopi za mji mzima. Gari lake lilikuwa kuukuu, mlango mmoja ulifunguliwa kwa nje tu, lakini lilikwenda na kurudi. Likifa gari, dada anahamia kwangu. Hilo tulilijua sote, na hatukulisema.

Ndipo gari likaanza kuchemsha. Fundi wao, mtu mpole wa maneno machache, aliinama chini ya boneti kidogo tu akainuka na jibu: pampu ya maji. Ndiyo inayozungusha maji ndani ya injini isije ikaungua. Aliifungua, akamwekea shemeji kiganjani.

"Beringi imekufa, mzee. Tafuta nyingine. Ila usihangaike na maduka, spea za gari hili siku hizi hawaleti. Watu wanaagiza kwenye simu."

Hapo ndipo shemeji yangu alipopatikana. Miaka yote spea zake alizinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka karibu na stendi, ambaye alimruhusu kufungua maboksi yote juu ya kaunta, kupima uzito kwa mkono, kuzungusha, kunusa. Pampu hiyo iliyokufa ilitoka kwa mzee huyo, na aliyeichagua ni Mkaguzi mwenyewe. Sasa mzee alishafunga duka na kuhamia kwa mwanawe, na kilichobaki ni kioo cha simu.

Niliwatembelea siku aliyokuwa anatafuta. Alikuwa ameketi mezani, miwani imeshuka puani, anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka inakuwa ukungu mtupu.

"Haina uzito," alisema.

"Ni picha, shemeji."

"Najua ni picha. Ndiyo nasema haina uzito."

Alisoma maoni ya wanunuzi kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama anayesoma salamu za rambirambi. Imefika salama, asante, nyota tano. Sijaifunga bado ila inapendeza, nyota tano. Muuzaji ana lugha nzuri sana, Mungu ambariki, nyota tano. Mwingine aliagiza kioo cha pembeni akaletewa vifuta mvua, naye akatoa nyota nne kwa sababu vilifika haraka. Shemeji aliishusha simu akanitazama.

"Hakuna hata mmoja aliyesema baada ya mwaka ikoje," alisema. "Hata mmoja."

Dada alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, miguu juu ya mto. "Wewe chagua tu, baba watoto," alimwambia. "Hujawahi kukosea." Alisema kwa mapenzi, na naamini kweli aliamini. Siku zile, wakati gari liko juu ya mawe, alikuwa anakwenda hospitali kwa teksi ya mkopo na kila mara alirudi amechoka zaidi.

Pampu ya kwanza ikaletwa. Boksi lake la kaki lilikuwa limekaa kinyonge, halina picha wala rangi. Ndani kulikuwa na karatasi yenye mafuta, na ndani ya karatasi kipande cha chuma kilichofifia, maandishi yake hata kuyasoma ni shida. Shemeji alichukua ile pampu ya zamani akaisafisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, akaziweka zote mbili mezani. Ile ya zamani iling'aa na jina la kampuni lilikuwa limechongwa waziwazi. Hii mpya ilikuwa kama maskini aliyekuja harusini bila kualikwa.

"Feki," alisema Mkaguzi.

Akampelekea fundi. Huyo naye akaziweka bega kwa bega, kama wanavyofanya mafundi wote: cha zamani ndicho kipimo, kipya lazima kifanane nacho. Alitikisa kichwa. "Hazifanani, mzee. Mimi ningerudisha."

Ikarudishwa. Muuzaji hakubisha, na hilo shemeji alilichukua kuwa ushahidi zaidi. Mtu mwenye kitu halisi, alisema, angepigana.

Akaagiza ya pili kwa muuzaji mwingine. Safari hii boksi lilikuwa na rangi, na kibandiko kinachobadilika ukikigeuza kwenye mwanga. Alipoifungua na kuiweka kando ya ile ya zamani, zilikuwa pacha: mng'ao uleule, maandishi yaleyale, hata mkato wa herufi ya mwisho ulikuwa uleule. Alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani ili aniambie tu. Nilisikia furaha kwenye sauti yake, na nikafurahi pia, nisiseme uongo. Fundi akafunga. Gari likaacha kuchemsha. Dada akarudi kukaa kiti cha nyuma na mto wake, na kwa wiki kadhaa shemeji alitembea mtaani akiwafundisha watu jinsi ya kununua vitu kwenye simu. "Kitu ni kulinganisha," aliwaambia. "Usidanganywe na maneno, linganisha."

Asubuhi moja akanipigia simu tena. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya honi za magari. Nilichoelewa ni "daraja" na "njoo". Niliacha suruali ya mtoto wa watu bila mguu mmoja, nikakodi teksi.

Niliwakuta kando ya barabara, jua kali, boneti limefunguliwa na mvuke mweupe unapanda. Dada alikuwa ndani, vioo vyote vimeshushwa, kanga ameibana mdomoni, uso na shingo vinatiririka jasho. Nilipoingiza mkono dirishani nikapigwa na joto la jikoni. Shemeji alikuwa amewasha hita. Aliiona geji inapanda, na madereva wa zamani wanasema ukiwasha hita unaipunguzia injini moto. Basi akaiwasha, akamkausha mke wake kama samaki, akaendelea kwenda kwa sababu zamu ya mashine ilikuwa inakaribia na ukichelewa wanampa mwingine. Hapo huwezi kumlaumu. Angesimama mapema, zamu ingepotea. Hakusimama, injini ikazima yenyewe na haikugeuka tena.

"Kwa nini hukusimama?" nilimfokea hata hivyo. Nina mdomo, najijua.

Shemeji alikuwa ameshika chupa ya maji, anaangalia rejeta inayochemka ambayo hawezi kuifungua, na mke wake mwenye kiu ambaye haruhusiwi kuyanywa. Alisimama katikati yao na ile chupa.

Tulimpakia dada kwenye teksi. Hospitali nesi alitupokea kwa upole, na alisema kile tulichokuwa tunakimbia: mashine imeshapewa mwingine, tusubiri kama mtu wa mwisho atamaliza mapema. Tulisubiri kwenye benchi mpaka wafagiaji wakatuomba tuinue miguu. Miguu ya dada ilishavimba ikawa haiingii kwenye ndala. Akapata nusu ya muda wake tu. Shemeji alisimama mlangoni muda wote, na kila alipopita nesi, shemeji alimpisha na kumwomba radhi, kana kwamba kosa ni lake kuwa na mwili unaochukua nafasi.

Siku iliyofuata nilikwenda naye gereji. Gari lilikuwa limevutwa mpaka pale. Fundi hakutaka kututazama. Alikuwa ameshafungua pampu yetu, na alituonyesha panga dogo la ndani, lile linalosukuma maji: lilikuwa limeachia kwenye shafti, linazunguka ukiligusa kwa kidole huku shafti imetulia. Injini imeungua, alisema, kichwa kimepinda na bloku imepasuka, hapa hakuna cha kutengeneza.

Kisha akatuita kwenye benchi lake. Kulikuwa na gari jingine la aina ileile, la mwenye duka la dawa, ambalo alilifungua asubuhi ile kwa shida nyingine. Halijabadilishwa pampu tangu litoke kiwandani. Alikuwa ameiweka pampu yake juu ya gazeti.

Ilikuwa chuma kilichofifia, na maandishi yake hata kuyasoma ni shida.

Shemeji aliiangalia. Akaiinua, akaipima mkononi, akairudisha taratibu kama kitu cha watu.

"Kwa hiyo ile tuliyorudisha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hii yangu ya zamani. Ya kwa mzee wa stendi."

Fundi aliifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Hiyo ndiyo ilikuwa feki, mzee. Sisi tukaifanya kipimo."

"Nilibadilisha kwake mara ngapi pampu hizi," alisema shemeji, si kwa kuuliza. "Nikadhani gari ndivyo lilivyo."

Nilimgeukia fundi na hasira zangu zote. Nilimuuliza anavaa miwani ya nini, na ufundi gani huo wa kulinganisha kitu na maiti.

"Mama," alisema, "nimefunga feki nyingi kuliko halisi, halisi nitaijulia wapi? Na hata nikikuelekeza leo ununue iliyo kama hii, hao wa kwenye simu wataweka picha ya hii na kukuletea ile nyingine. Utafanyaje?"

Nilikuja nimejiandaa kugombana na mtu, na hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Shemeji alitafuta tangazo la muuzaji wa kwanza, akalikuta limeondolewa. Hakujua hata alitaka kumwambia nini.

Dada alihamia kwangu wiki hiyohiyo. Hakubishana. Alikuja na begi moja na mto wake wa kwenye gari, akaniuliza alale upande gani. Sasa anakwenda kusafishwa damu kwa miguu, anarudi polepole huku ameshika ukuta, na madaktari wanasema vipimo vyake vimekuwa vizuri. Ni kweli vimekuwa vizuri. Haongei sana.

Jumapili ya kwanza shemeji alikuja. Alibadilisha mabasi mawili. Alikuwa amepiga pasi shati na amebeba sabuni na kilo ya sukari, kama mtu anayekwenda kwa watu, akasimama nje ya mlango wangu akapiga hodi.

"Ingia, shemeji," nilisema. "Mtu anapigaje hodi kwa mke wake?"

"Kwako hapa," alijibu, akaingia na kukaa kwenye ncha ya kiti.

Walizungumza habari za majirani, bomba la maji, nani kafa na nani kaoa. Baadaye alitoa simu akatuonyesha picha ya injini nzima iliyotumika, inauzwa, imepakwa rangi ya fedha, nyota tano. Hakuivuta kwa vidole. Alimpa tu dada simu.

"Unaionaje?" alimuuliza.

Dada aliisogeza karibu na macho. "Sijui, baba watoto," alisema. "Naona inang'aa tu."

"Inang'aa," alikubali shemeji, akaizima.

Jua lilipoanza kupungua ilibidi awahi basi. Nilibaki ndani makusudi, nikajifanya natafuta uzi. Kupitia dirishani niliwaona wanakwenda hatua kwa hatua, yeye akipunguza mwendo wake ulingane na wa dada. Dada alimsindikiza mpaka getini, kama tunavyomsindikiza mgeni yeyote, na nikamsikia anamshukuru kwa kuja. Aliporudi ndani alikaa kitandani akalia, na mimi, mwenye maneno mengi, nikaendelea kutafuta uzi.