Mkono wa Kulia

Walimu wa mjukuu wangu pale shuleni Mushasha, majina yao yote niko nayo kichwani, hata yule wa fizikia niliyemwona mara moja tu. Lakini humu sitaandika jina la mtu. Nitaandika habari ya mkono.

Mjukuu wangu alitoka Muyinga kuja kwangu Yoba kusoma sayansi. Baba yake, mwanangu, alimwambia mbele yangu: "Ukishinda mtihani wa taifa, unaenda chuo kikuu. Ukianguka, unarudi kukaa dukani kwangu, mambo ya shule yamekwisha."

Mtihani ulipokaribia, taksi ya baiskeli ikamwangusha kwenye mteremko wa Magarama. Hospitali wakamfunga plasta mkono wa kulia mpaka vidoleni. Kuandika akajifunza kwa kushoto. Kula, mi nilimlisha, maana kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani.

Mchana mmoja nachambua maharagwe, akaniambia, "Bibi, niazime mkono wako wa kulia."

"Wa kulia chakula ao wa kulia machozi?"

"We nawe. Wa kulia fizikia."

Akanikunja vidole kimoja kimoja. "Hiki cha shahada ni mwendo wa chembe ya umeme chanya. Hiki cha kati ni sumaku, inakata njia ya mwendo. Gumba lako linaangalia wapi?"

"Juu."

"Basi nguvu inaenda huko. Haifuati mwendo, haifuati sumaku. Inashika njia yake ya tatu."

"Na mwendo na sumaku vikienda njia moja?"

"Hakuna nguvu. Sifuri. Lazima vikatane."

"Basi nyumba ya baba yako iko na nguvu nyingi."

Akacheka mpaka plasta ikamgonga kifuani. Kisha akanionya: nikianza na sumaku ndipo nije kwenye mwendo, gumba litageuka chini, na jibu limeharibika.

Tukawa hivyo kila mchana. Viungo vyangu vinauma siku za mvua, lakini vidole nilimwachia.

Siku ya mtihani alirudi akaketi jikoni na viatu vyake miguuni.

"Lilikuja, Bibi. Swali kubwa la sumaku."

"Si unalijua?"

Akainua mkono, akakunja vidole vilevile. Ulikuwa wa kushoto. Nikaweka wangu kando yake, shahada na shahada, kati na kati. Gumba langu likaangalia juu. Lake chini.

"Yote nimeyaelekeza kinyume," akasema.

"Hukuukumbuka wangu?"

"Nilitafuta mkono, Bibi. Nikaona huu tu."

Matokeo yalipotoka, hakushinda. Baba yake akaja kumchukua. Plasta ilikuwa imeshatolewa. Nikaweka ugali na maharagwe, nikajisahau, nikamega tonge nikampelekea mdomoni. Akalipokea. Nikamega jingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, mwembamba, vidole vimenyooka, na baba yake nje anapiga honi.