Kengele ya Chakula Saa Mbili Asubuhi

Nimekaa siku tisa bila kuandika humu kwa sababu ya aibu, na hata sasa naandika nimeliinamia daftari kama mtu anayeiba, lakini rafiki yangu Nyanzobe amesema nisipoandika nitaanza kuota, basi acha niseme: mimi ndiye niliyetangaza chakula cha mchana saa mbili asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini.

Chanzo ni chumba. Klabu yetu ya kompyuta ina chumba kimoja, na mkuu wa shule alikuwa anakitaka kiwe stoo ya mahindi yanayochangwa na wazazi. Akasema mwenyekiti wa bodi anakuja Jumatano, tumwonyeshe kitu cha maana, la sivyo Alhamisi magunia yanaingia. Tukaamua kutengeneza kengele itakayojipiga yenyewe (kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, anaigonga mtunza muda, na mtunza muda husinzia).

Kompyuta tunayotumia ni ya Mwalimu Rweyemamu, na ndimo zilimo alama za mitihani za shule nzima, kwa hiyo haturuhusiwi kugusa Windows yake hata kidogo. Alichofanya ni kutuwekea Linux humo humo, yaani kompyuta ya pili inayokaa ndani ya ile ya kwanza, kwenye dirisha lake, ili tukivuruga mambo huko ndani, alama za watu ziwe salama huku nje. Mimi niliipenda sana ile ya ndani (haionekani mpaka ufunguliwe mlango, kama mimi).

Nikaandika programu, nikaweka ratiba yote, chai saa nne na nusu, chakula saa nane, na kwa kuwa kila mtu alikataa kurekodi matangazo, nikarekodi mwenyewe nyumbani, Mkolani, nikiwa nimejifunika blanketi. Nilipomaliza ndipo nikagundua nimeandika saa zetu. Chakula nimeandika 8, na kompyuta ikiona 8 inajua ni saa mbili asubuhi, saa nane mchana yenyewe inaiita 14. Mtu mwenye akili angekaa akabadilisha namba. Mimi nikaona ni rahisi kuirudisha nyuma saa ya ile kompyuta ya ndani kwa masaa sita, ikaanza kuhesabu saa kama bibi yangu wa Kigongo, nikaijaribu mchana ule ikafanya kazi, nikajiona nimeshamaliza chuo kikuu. Sikujua kwamba ya ndani ikizimwa na kuwashwa upya huiuliza ya nje saa ngapi.

Jumatano asubuhi nikaiwasha, spika ikawekwa kwenye dirisha la ofisi, nikaenda kujificha mstari wa nyuma. Mwenyekiti ni mzee mfugaji, anaongea taratibu, ndiyo kwanza ameitikia shikamoo ya shule nzima, na mkuu anaeleza jinsi vijana wake walivyo makini, ikagonga saa mbili kamili, ikatoka sauti yangu, nyembamba, imejaa uwanja wote:

"Wapendwa wanafunzi, ni saa ya chakula. Kidato cha kwanza watangulie na sahani."

Kidato cha kwanza (bado ni watiifu) wakatangulia. Mama mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza ni nani huyo anayegawa chakula ambacho hata moto haujawashwa. Na tangazo nilikuwa nimeliweka lijirudie mara tatu, kwa ajili ya wale wasiosikia vizuri.

Nikakimbia ofisini nikabonyeza kuifunga kompyuta ya ndani, ikaniuliza nataka ifungweje, nikachagua ihifadhiwe kama ilivyo. Kimya. Nikamshukuru Mungu, nikaitwa mbele, nikaeleza habari ya kompyuta ya ndani na saa yake.

Nilidhani nitafukuzwa shule. Mkuu alikuwa ananiangalia huku tayari akihesabu magunia. Lakini mwenyekiti akasema, "Binti, hebu nifungulie na mimi niione hiyo kompyuta iliyo ndani ya nyingine."

Ikaletwa na waya wake wa spika, ikawekwa juu ya stuli. Nikafungua. Kumbe sikuwa nimeizima, nilikuwa nimeigandisha tu, na kitu kilichogandishwa huendelea palepale kilipoishia.

"...tangulie na sahani."

Kidato cha kwanza, waliokuwa wamerudishwa kwa shida, wakaondoka tena.

Walicheka hadi viranja. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia kujifutia machozi, kisha akauliza ile sauti ni ya nani.

"Yangu. Shikamoo."

"Marahaba," akasema (hiyo ilikuwa ya pili). Halafu akamgeukia mkuu. "Mwalimu, mahindi yatafutieni pengine. Hiki chumba waachie, watu wasipokosea humo watakosea wapi. Ila huyu asirekodi tena. Wiki ijayo nzima atangaze hapa mbele kwa mdomo wake, mpaka mashine ijifunze saa."

Basi chumba ni chetu. Na nimeapa, Nyanzobe akiwa shahidi, kwamba sitaidanganya tena saa ya kompyuta eti kwa sababu naona uvivu kubadilisha namba. Kutangaza nako nimemaliza leo. Jumatatu nilitangaza nikiwa nimefumba macho yote mawili, leo nilifumba moja tu.