Ndaki Anawatenga Mafundi Wake na Sinia

Ndaki alianza kujenga Bariadi kabla haijawa makao makuu ya mkoa, na miaka yote hiyo mafundi wake walikula mchana kwenye sinia moja. Kwao, mtu akitengewa chakula peke yake ujue kuna neno: ama ameiba, ama anasemwa kwa uchawi.

Ndipo ikaja korona. Ndoo ya maji na sabuni waliicheka wee, mwisho wakanawa. Barakoa nazo wakavaa, ingawa kwa jasho na saruji zilikauka zikawa ngumu kama vigae. Lakini siku Ndaki alipomwambia Elina, mama lishe wao, ampakulie kila mtu kwenye sahani yake, saiti nzima iligeuka kumtazama.

"Mayu Elina, leo kuna msiba?" aliuliza Nkinda, mpiga lipu hodari, shemeji yake Ndaki, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Muulize bosi wako. Mimi napakua tu."

"Kila mtu na yake, na mkae mbalimbali," alisema Ndaki.

Nkinda aliitazama sahani, akaiacha juu ya tofali. "Nimekukosea nini, shemeji? Sema mbele za watu." Akachukua mwiko wake, huyo, akaelekea barabarani.

Ndaki sababu alikuwa nayo, ila hakutaka kuitaja mbele za vijana. Kabla ya ufundi, Nkinda alifanya kazi miaka mingi kwenye kinu cha pamba, na vumbi lile lilimwachia kifua kibovu. Akipanda jukwaa la ujenzi tu, pumzi inamwishia. Ugonjwa huu ungempata, asingepona. Na kumtengea yeye peke yake kungekuwa kumtukana. Ndiyo maana aliwatenga wote.

Alimfuata mpaka kwenye lundo la mchanga karibu na barabara, akasimama kando.

"Shemeji, nakiogopa hicho kifua chako. Dada yako nitamwambia nini?"

Nkinda alikuwa akikwangua saruji kwenye kucha. "Ungesema tangu asubuhi."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali." Akageuza uso, akakohoa. "Wale vijana wanajua?"

"Hawajui."

"Basi wasijue. Na Elina aniongezee ugali. Kwenye sinia nilikuwa nashinda njaa, mna mikono mirefu ninyi!"

Akarudi, akachukua sahani yake, akaketi upande upepo unakotokea. Vijana walikuwa wamemkodolea macho.

"Mnanitazama nini? Kuleni," alisema. "Na wewe Magese, sogea kule, umenikaribia mno."