Beseni la Yungiyungi

Juzi nilimwaga ndoo ya maji ya mvua iliyosahaulika uani, na ile harufu ya majani yaliyooza ikanirudisha kwenye chungu cha bibi yangu mzaa mama, kule ziwani. Humo aliloweka matunda ya yungiyungi mpaka yaoze, akaosha mbegu, akazianika na kuzisaga. Uji wake ulikuwa mweusi na ulinukia ziwa.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Nyakato, mjini, tukapelekwa kwa bibi, mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka minane na maswali yasiyoisha. Kwa nini sisi tule ugali wa mahindi, yeye uji mweusi?

“Mahindi yananipa kiungulia,” alisema. “Kuleni nyie.”

Nilimhurumia kweli, mtu mzima asiyeweza ugali! Nikaanza kuchunguza chakula chake. Asubuhi maua ya samawati ya yungiyungi yalijaa majini, mchana yamejifunga, baada ya siku chache hayaonekani. Nikamuuliza yanakwenda wapi.

“Yanakwenda kulala,” alijibu, akacheka.

Jumapili moja alipokwenda kanisani niliamua kumsaidia kabla hayajalala. Niliingia maji ya magotini, nikachuma maua yote, hadi vitumba, nikajaza beseni.

Bibi aliporudi alilitazama beseni, kisha akatazama ziwani.

“Umechuma yote?”

“Yote, bibi!” nilijibu kwa majivuno.

Akaketi taratibu. Ndipo aliponieleza kwamba ua likijifunga huzama, na tunda lake hukomaa huko huko chini ya maji. Nikaanza kulia. Akachomeka ua moja sikioni, akasema leo yeye ni bibi harusi, tukacheka wote.

“Asante, mjukuu wangu,” akaniambia.

Wiki zilizofuata chungu kilikaa kikavu. Tulipokula ugali, bibi alikuwa na kazi nje. Nilimuuliza kama kiungulia kimepona, akasema kimezidi.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipomtajia mama habari ya kiungulia kile. Alishangaa. Bibi alikula ugali wa mahindi maisha yake yote, wala haukuwahi kumdhuru. Ila mwaka ule unga uliotoka mjini uliwatosha watoto watatu tu.

Chakula chake nilikichuma kikiwa bado maua, nikamletea nikingoja anishukuru. Naye akanishukuru.