Taa ya Nne

Nilipelekwa kwenye nyumba ile kwa sababu mimi ni mwanamke. Mafundi wengine wote wa kampuni yetu ndogo walikuwa wanaume, na mwenye nyumba, mjane wa Kinubi hapa Kyebando, alikuwa bado anakaa eda. Mwanamume asiye wa ukoo wake hakutakiwa kuingia vyumba vya ndani. Mwanawe alipiga simu akasema kengele ya wizi imeharibika. Kisha akaongeza, "Au haijaharibika. Njooni mwone wenyewe."

Fundi mwenzangu ndiye aliyeendesha gari. Aliwahi kubadilisha sensa moja, kifaa kidogo kinachohisi mlango unapofunguliwa, katika nyumba hiyo muda mfupi baada ya mazishi, na njia nzima alinitania.

"Profesa, leo utakutana na kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyako vya chuo kule Wandegeya."

"Ni betri," nilimwambia. "Siku zote ni betri."

"Kale, sawa. Ila ukikimbia, usiniache. Funguo za gari ninazo mimi."

Mwana wa mjane, mtu wa makamo mwenye karakana ya vyuma Katwe, alitupokea barazani. Kisanduku cha kengele kilikuwa ukutani sebuleni, kikionekana vizuri kutoka mlangoni, na usoni pake palikuwa na safu ya taa. Kila taa ilikuwa na mlango wake au dirisha lake. Mlango ukifunguliwa, sensa iliyobandikwa kwenye fremu hutuma habari hewani bila waya, kisanduku hulia mara moja, na taa yake huwaka. Taa ya nne ilikuwa ya chumba cha nyuma, ambamo baba alilala miaka yote na ambamo alifia. Tangu azikwe, hakuna aliyeufungua mlango ule. Hata hivyo taa ya nne iliwaka kila siku.

"Saa ngapi?" niliuliza.

Mjane ndiye aliyejibu, kutoka kwenye ujia wa ndani. "Saa za swala, mwanangu. Alfajiri, adhuhuri, alasiri. Marehemu hakuwa mtu wa kuukosa msikiti." Alilisema hilo kama mtu anayemwarifu mgeni kwamba mwenyeji ametoka kidogo, atarudi.

"Mnasikia?" mwanawe alisema. "Jumamosi gari linakuja. Namchukua kwangu."

"Siendi," mama alisema. "Eda naimalizia katika nyumba ya mume wangu."

"Shekhe mwenyewe alisema, ukiwa na hofu katika nyumba, una ruhusa ya kuhama. Na hii si hofu?"

"Hofu ya nani? Mimi nimesema naogopa?"

"Mama, kisanduku kikilia tu, unaitikia salamu!"

"Nisiitikie?"

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa hiyo. Mafundi tuliitwa kutazama kifaa, lakini kifaa kilikuwa kimegeuzwa shahidi. Nikiondoka bila jibu, mama yule angetolewa katika nyumba yake kabla ya Jumapili.

Nilivua viatu nikaingia. Ujia ulinukia udi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao nzito, umefungwa kwa ufunguo, na nilipoomba ufunguo mjane alitikisa kichwa. "Bado," alisema. Sikumbishia. Nilikagua sensa kwenye fremu na sumaku yake kwenye mlango, na nafasi kati yao ilikuwa sawa. Niliusukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Nilikuwa nimekuja na sababu zangu tayari: upepo, mabati yanayotanuka kwa jua, mbao iliyovimba kwa mvua. Moja baada ya nyingine nikaziona hazifai. Na upepo gani huo unaojua saa za swala?

Nilifungua kifuniko cha sensa nikatoa betri.

"Tazama, Hajati," nilimwambia, nikimwonyesha betri kiganjani. "Sasa hivi hiki ni kipande cha plastiki tu. Hakiwezi kusema chochote."

Adhana ya alasiri ilianza nikiwa bado naongea. Kisanduku kikalia.

"Nne!" mwenzangu alipiga kelele kutoka barazani. "Profesa, nne imewaka!"

"Wa alaikum salaam," mjane alisema polepole, akiuelekea mlango.

Ngozi ya mgongo wangu ilisisimka mpaka kisogoni. Naliandika hili kwa sababu nimesoma kumbukumbu za watu wengi wenye elimu ambao hawakuwahi kuogopa hata siku moja, na siwaamini. Nilisimama na betri mkononi, na kwa muda fulani, sijui ni mrefu kiasi gani, nilikuwa nangoja kitasa kigeuke.

Hakikugeuka. Nilishika swali la kwanza lililonijia: kama sensa hii haisemi, ni nani anayesema kwa jina lake? Maana kisanduku hakioni milango. Kinasikia namba tu. Kila sensa ina namba yake, na siku ya kuifunga tunakiweka kisanduku katika hali ya kujifunza, kisha tunaufungua mlango ili sensa iitaje namba hiyo. Kisanduku hushika namba ya kwanza kitakayoisikia.

Nilitoka barazani. "Siku ile uliifunga vipi?" nilimuuliza mwenzangu.

"Nilikuwa hapa mbele, kwenye kisanduku. Vyumba vya ndani ningeingiaje? Nikakiweka kisanduku kijifunze, nikampa kaka huyu sensa aibandike kule, aufungue mlango halafu aufunge. Nikasikia kimelia, naye akasema tayari."

Nilimgeukia mwana. "Uliufungua?"

"Niliibandika vizuri sana."

"Mlango uliufungua?"

Alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilisema tayari," alijibu kwa sauti ndogo. "Wewe ungeufungua? Udongo wa baba ulikuwa haujakauka."

Alishusha sauti ili mama asisikie. Nyumba ilikuwa ndogo. Mama alisikia.

Basi namba iliyoshikwa siku ile ilikuwa ya mlango mwingine, wa karibu. Nyuma ya ukuta wa ua kulikuwa na vyumba vya kupangisha. Nilizunguka mbio. Mzee mmoja wa kanzu alikuwa kizingitini akihangaika na viatu, na juu ya fremu ya mlango wake palikuwa na sensa nyeupe ya aina ile ile tunayouza sisi.

"Mzee, samahani. Naomba ufungue mlango wako tena."

"Binti, swala inanipita."

"Mara moja tu."

Aliufungua. Simu yangu ilikuwa sikioni. "Nne!" mwenzangu alisema. Mzee akafunga. "Imezima." Akafungua tena. "Nne! Wewe, ndiye huyo! Ndiye huyo!"

"Nimeshtakiwa nini?" mzee aliuliza.

"Hukushtakiwa, mzee. Mlango wako unasikika kwa jirani kila unapotoka."

Alinitazama, kisha akautazama ukuta. "Kwa marehemu? Tulikuwa tukienda pamoja. Siku hizi sitoki ila kwa swala." Alirekebisha kofia yake. "Basi vizuri. Nilidhani hakuna anayejua ninapotoka."

Niliporudi na kueleza, mwana wa mjane alicheka kupita kiasi, akamkumbatia mwenzangu, akatoa simu kumwambia mtu kwamba gari la Jumamosi halihitajiki tena. Mama hakucheka.

"Muda wote huu naitikia salamu ya jirani," alisema.

"Ni mlango wake, Hajati. Lazima niifute namba hiyo, niweke ya mlango wako. La sivyo mwizi atakuja kweli, nawe utamkaribisha."

"Na ukishaifuta, alasiri hakitalia?"

"Hakitalia."

"Wala alfajiri."

"Wala alfajiri."

Nilikuwa nimempatia alichokitaka, kubaki katika nyumba yake, na nilimwona akianza kuijua nyumba hiyo itakavyokuwa.

Niliifuta. Nilirudisha betri katika sensa. Mwenzangu alikiweka kisanduku kijifunze upya, akasema, "Haya, ufunguliwe." Mwana alinitazama. Mimi nikamtazama yeye. Mjane alifungua pindo la khanga yake, akatoa ufunguo, akaenda zake na ujia.

Kisanduku kikalia. Taa ya nne ikawaka. Mwana alishika ukuta, na mimi, niliyeijua kila sababu, niliruka.

"Ni mimi," mama alisema kutoka ndani. "Mnaogopa nini?"

Tulisikia dirisha likifunguliwa, na vitu vikisogezwa sakafuni.

"Wewe," alimwita mwanawe, "njoo tulitoe godoro la baba yako juani."

Alibaki amesimama. Kisha yule mwana alivua viatu vyake, akavipanga taratibu kuliko ilivyohitajika, akaingia.