Vidonge vya Kunyimana

Wifi yangu ni fundi cherehani, na watu humwita Pindo kwa sababu hapokei nguo ya mtu kabla ya kukagua pindo lake. Kaka alipomwoa nilimwonea wivu, kisha nikazoea, maana mwanamke yule ana mkono wazi kupita kiasi. Nyumba yake ndiyo ilikuwa zahanati ya majirani. Vidonge vilivyobaki vya kila mgonjwa alivitia kwenye kopo la vifungo, na aliyekuja na kidonda alifunguliwa kidonge cha rangi mbili, akanyunyiziwa unga wake juu, basi, nenda zako. Hayo alifundishwa na mama yake, anayeishi naye.

Sindano ya cherehani ilipomtoboa kidole cha shahada, walikitibu hivyo hivyo. Kikavimba mpaka ngozi ikang'aa. Akameza vya kwenye kopo, kikazidi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anatetemeka kwa homa.

Daktari alikipasua, akapeleka usaha maabara. Majibu yalisema bakteria wale wameshazoea dawa tunazozijua, hazifui dafu tena mbele yao.

"Ipo dawa mpya zaidi," daktari alimwambia. "Tutaanza na dripu, halafu vidonge utamalizia nyumbani. Maambukizi yamekaribia mfupa. Ukikatisha dawa yatarudi, na hapo tutakikata kidole."

"Hicho ndicho kinachoongoza kitambaa," wifi alijibu, kana kwamba daktari amekuja kukiazima.

Dripu ilishusha homa, uvimbe ukanywea, akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vyake. Nikaanza kumtania kwamba sasa hana kisingizio, anishonee gauni langu.

Tukiwa sebuleni, mama yake akaingia akichechemea. Kisigino chake kilikuwa na kidonda kibichi, tayari kimenyunyiziwa unga.

"Mwanangu, nigawie viwili tu vya hivyo vipya. Si umeshapona wewe?"

Sijawahi kumwona wifi akimnyima mama yake kitu, hata kiti alichokalia mwenyewe.

"Sikupi, mama."

"Mimi niliyekuzaa?"

"Wewe. Hivi vimetafutiwa kidole changu, na havijamaliza kazi. Kidonda chako hatujui kinataka nini. Vaa viatu twende kikapimwe."

Akameza kidonge mbele ya mama yake, machozi yakimtoka. Roho ilimuuma, nami iliniuma kumtazama. Mama aligeukia ukuta, akatununia wote, hata mimi ambaye sikufungua mdomo. Kisha akaniuliza mimi, si binti yake, viatu vyake viko wapi.

Kidole kilipona, ingawa kiungo cha juu hakikunjiki, na suruali za wanaume sasa anazishona taratibu. Mama naye alipimwa, akapewa dawa ya kawaida tu, ikamfaa.

Siku hizi mgeni akija, mama yake humnyooshea wifi kidevu. "Huyu aliwahi kuninyima dawa," husema, na wageni wanacheka.

"Ndiyo, mama, nilikunyima," wifi hujibu. Lakini yeye hacheki, wala hainui macho kutoka kwenye kitambaa.