Machozi Yaliyosifiwa Gazetini

Nimekaa chini, sanduku la vitenge vya mama liko wazi mbele yangu, na harufu ya nafthalini, dawa ya kufukuza nondo, imenirudisha Parkdale, mtaa tuliokuwa tukiishi ughaibuni, kwenye chumba cha bibi mmoja Mzungu ambaye mama alikuwa akimuuguza.

Bibi huyo aliigiza sinema akiwa mtoto, zile za zamani zisizo na sauti. Kabatini, katikati ya sweta zake, alihifadhi kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilimsomea mimi. Mwandishi alimsifu sana, akasema hajawahi kuona mtoto akilia kikweli namna ile.

"Uliwezaje?" nikamuuliza.

"Waliniambia mama amekufa," akasema. "Kumbe alikuwa amesimama nyuma ya kamera, ananitazama."

Mama alikuwa akikunja mashuka, na Kiingereza hakukijua. "Anasema nini?"

Niliona aibu kumwambia mama jambo kama hilo. Nikamtafsiria nusu tu: "Aliambiwa mama yake amekufa."

Mama akaacha mashuka, akavua viatu, akaketi sakafuni kama tunavyokaa kwetu kwenye msiba. "Pole, Bibi. Pole sana."

Bibi akaniuliza mama anafanya nini.

"Anamwomboleza mama yako," nikamjibu.

Nilidhani atacheka. Akashika mkono wa kiti, akajiteremsha polepole mpaka chini, akakaa karibu na mama, akalia bila sauti.